Benchi la Nyuma

Uwanja wa ndege wa Bangboka, kwenye ghala la mizigo, saa tisa mchana

Zaina mwanangu,

Ndege ya mizigo tuliyoambiwa itatua saa saba haijafika bado, na wenzangu wamelala juu ya magunia. Nimemwomba karani fomu zilizoharibika na ninaandika upande wa nyuma. Ukigeuza utaona majina ya mizigo ya watu, usiyajali. Naandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi. Nyumbani yuko mama yako, yuko mume wako Salumu ambaye tangu asubuhi anafunga kamba za safari yenu ya kesho ya kuhamia Buta, na yuko mtoto wako Mwamini anayepita katikati ya miguu yetu akiuliza yeye atakaa upande gani wa gari. Mpaka natoka leo asubuhi hakuna aliyemjibu.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za namna ya kuishi na mama mkwe, sitaziandika. Mama yako amekwisha kuzisema mara tatu, na wewe mwenyewe ni mama wa watoto wawili. Nataka kuandika juu ya jipu. Najua utacheka, utasema baba yangu kazeeka, ananiaga kwa habari za gari. Soma tu mpaka mwisho, na usisome mbele ya Salumu. Ukimaliza unaweza kumpa naye asome.

Juzi jioni Salumu alikaa na mimi uani akanieleza hesabu yake. Alinieleza kwa heshima, sina neno baya juu yake. Alisema:

"Papa, jipu hii nilinunua juu ya familia. Mistari mitatu ya viti, tukasema kila mutu ataingia. Lakini inakunywa. Barabara ikiwa muzuri, lita makumi mbili kwa kilomita mia. Ya Buta haiko muzuri, tuweke makumi tatu. Na mafuta, mazutu ya njiani, inachanganywa na maji, ya kule Buta bei yake usiulize. Alors, benchi ya nyuma itoke, mapipa mawili yaingie."

Nikamuuliza, "Na Mwamini?"

"Atabaki hapa na nyinyi, papa. Mpaka likizo tu."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na mtoto mdogo begani. Nilikuangalia. Ulikuwa unaangalia chini. Halafu Salumu akaniomba jambo moja zaidi: kwamba asubuhi ya kuondoka, gari likiwa tayari, mimi nimchukue Mwamini nimpeleke kwenye kona kwa yule mama anayekaanga mikate, nimnunulie, nisirudi naye haraka. Ili asilie. Ili asione gari likitoka. Mimi nikajibu, "Sawa." Nilijibu haraka mno. Tangu hapo sijala vizuri, na mama yako amesema nina malaria. Sina malaria.

Sasa nikurudishe nyuma.

Wewe ulikuwa na miaka minne nilipotoka kwenye karieri nikiwa nimepata kidogo cha kununua gari. Miaka yote ile ya kuchimba na kubeba mchanga nilikuwa na picha moja kichwani: familia yangu yote ndani ya gari moja, hakuna anayebaki. Nilitoka nyumbani Lubutu nikaja hapa Kisangani kununua. Kulikuwa na fundi mmoja mtaa wa Mangobo, tonton Risasi, mjomba wa watu wote, marehemu sasa, wewe humkumbuki. Alikuwa na magari mawili ya kuuza. Moja dogo la kijivu, la watu watano. Lingine jipu refu, milango mitano, viti mistari mitatu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye jipu. Risasi akanifuata huku anajifuta mafuta mikononi.

"Papa Zaina, nikuambie kweli? Ile ndogo inakunywa kama kuku. Hii ndefu inakunywa kama mulevi siku ya mushahara."

"Familia yangu ni kubwa, tonton."

"Familia yako ni kubwa siku ya kusafiri. Siku ya kununua mazutu utakuwa wewe peke yako."

Watu wote pale gereji wakacheka, na mimi nikacheka, nikanunua jipu. Nilisema moyoni kwamba fundi ananionea wivu. Kumbe yule mtu alikuwa ananiambia maisha yangu. Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa, basi akanichongea kijiti cha mwanzi. Unafungua tangi, unakitumbukiza, unakitoa, unaangalia palipolowana. Kila alama aliyoikata kwa kisu ni lita kumi. Kijiti kile ndicho kilikuwa shule yangu ya pili, maana ile ya kwanza niliiacha darasa la tano. Nilikijua kuliko ninavyojua kusoma. Lubutu mpaka Kisangani, alama saba, na bidoni mbili za lita ishirini za akiba kwa ajili ya matope. Niliipita njia ile mara sita, na haikunidai zaidi ya hapo hata mara moja.

Kitu kingine sikukijua kuhusu gari kubwa: linaita watu. Mwenye gari dogo akisema hakuna nafasi, watu wanaona kwa macho yao. Mwenye jipu la mistari mitatu akisema hivyo, anaitwa mchoyo. Ulipofika ule mwaka mbaya, watu wenye silaha wakawa wanakaribia, na sisi tukaamua kuhamia Kisangani, alikuja kaka yangu mkubwa Ramazani na mke wake na mapacha. Akaja mama mkwe wake. Akaja binamu mmoja na vitanda vyake. Nilijaribu kusema gari limejaa. Ramazani akapiga mlango kwa kiganja, watu wote wakasikia:

"We Shabani! Gari ya milango tano, na mimi ndugu yako wa tumbo moja unaniambia nafasi hakuna? Unabeba nani humo, mawaziri?"

Wakaingia. Utasema mtoto wa miaka mitano anapakatwa, tangu lini gari la Kongo likashindwa na mtoto. Ni kweli. Lakini asubuhi ile mapaja yote yalikuwa na kazi. Mama yako alikuwa amempakata mdogo wako wa kiume, tena ana mimba ya miezi saba. Mke wa Ramazani alikuwa na pacha mmoja, mama yake pacha mwingine. Binamu alikuwa amepakata redio, na redio ile aliishika kama yai. Juu ya gari vitanda, magodoro, masufuria, kuku. Wewe nilikuweka benchi la nyuma, pembeni, karibu na zile bidoni mbili za akiba. Ulikuwa umevaa viatu vyako vyekundu vya mpira na ulikuwa unapungia watu mkono kama bi harusi. Shangazi yako Mwamini, ambaye mtoto wako amerithi jina lake, alikuwa haondoki. Alisema hawezi kuacha shamba la muhogo, na kwamba watu wenye silaha wana kazi gani na mjane.

Mpaka hapo hadithi hii unaijua. Umeambiwa tangu utoto: gari lilijaa, mafuta yalikuwa machache, ikabidi ubaki na shangazi mpaka mwezi ujao. Ndivyo nilivyowaambia watu wote. Ndivyo nilivyokuambia wewe.

Zaina, mafuta hayakuwa machache.

Nilitumbukiza kijiti asubuhi ile. Alama saba, kama siku zote. Bidoni mbili zipo. Nilikuwa na kila nilichohitaji. Halafu akapita mtu anauza mazutu, anasema njia nzima hakuna tone, Wanie-Rukula hakuna, kwamba waliokwama wanavuliwa mpaka nguo. Alikuwa amebaki na bidoni mbili. Ramazani akasema, "Nunua, mudogo wangu, woga si aibu." Nikanunua. Halafu nikasimama nyuma ya gari na bidoni moja kila mkono, natafuta pa kuziweka. Juu haiwezekani, wezi walikuwa wanakata kamba gari likitembea. Miguuni hapakuwa na mahali pa kutia hata kiatu. Niliangalia watu wote waliokaa mle, mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na mdomo. Ramazani angenitukana. Mama mkwe wake angelia. Binamu angenikumbusha alivyonizikia baba. Wewe tu hukuwa na la kusema, na ulikuwa unanicheka kwa sababu nilikuwa nimejaa jasho.

Nikakutoa mimi mwenyewe. Usidhani ni mtu mwingine. Nikakuinua chini ya makwapa, nikakuweka chini, na bidoni zikaingia mahali pako, zikakaa sawasawa kabisa kama kiti kilitengenezwa kwa ajili hiyo. Mama yako alikuwa mbele, hakuona. Nikamwambia shangazi yako akuchukue akununulie mikate, sisi tutangoja. Shangazi yako alinitazama. Alisema kwa sauti ndogo, "Kaka, mutoto amesha kuvaa viatu."

Nikamwambia, "Mwezi ujao tu."

Akakushika mkono. Mkaenda. Uligeuka mara moja ukapiga kelele, "Papa, nikuletee ngapi?" Nikainua vidole viwili. Mlipopita nyumba ya kona nikawasha gari.

Mama yako alijua tulipofika kwenye daraja la kwanza. Aliniuliza Zaina amelala? Nikamwambia. Sitaandika alichosema. Nilimwambia kwamba ni mafuta, kwamba jipu linakula sana, kwamba watu tisa pamoja na watoto hawawezi kufa njiani kwa sababu ya nafasi ya mtoto mmoja ambaye yuko salama kwa shangazi yake. Nilisema vizuri sana. Mpaka leo nashangaa nilivyosema vizuri.

Njia ilikuwa mbaya. Tulilala njiani siku mbili, tulisukuma, tulikata miti ya kuweka chini ya magurudumu. Alama saba ziliisha. Bidoni ya kwanza tuliimimina, na ya pili tukaimimina. Halafu tukafika. Tulifika Mangobo, Zaina, na zile bidoni mbili za mwisho hazikufunguliwa.

Mama yako ndiye aliyezishusha. Tumbo lile lote, alizishusha yeye, hakutaka mtu amsaidie. Aliweka moja chini, akaigonga kwa ngumi, ikaitika kama kitu kilichojaa. Akaigonga na ya pili.

"Hizi zimejaa," akasema.

"Ndiyo."

"Zote mbili."

"Ndiyo, Mama Zaina."

"Bon," akasema, akaingia ndani.

Hajawahi kurudia maneno hayo, mpaka leo. Lakini wewe umekulia katika nyumba ile, na hujawahi kuuliza kwa nini mama yako anachota maji kwa ndoo. Mtaa mzima wa Mangobo wanachota kwa bidoni za njano, zina mfuniko, hazimwagiki, mtoto anaweza kubeba. Mama yako anabeba ndoo kichwani, maji yanamlowesha mabega, majirani wanamcheka kwamba ana maringo ya kizamani. Hataki bidoni ivuke mlango wake. Sababu ni hiyo.

Na bado sijamaliza. Barabara haikufungwa siku ile. Ilibaki wazi siku tisa. Bidoni mbili zilikuwa ndani ya nyumba, jipu lilikuwa tupu, lina nafasi ya watu wote duniani. Ningeweza kuongeza mazutu hapa mjini nikarudi. Kila asubuhi nilitumbukiza kijiti, nikasema peke yangu nitakwama, jipu linakula, ningoje lori la mtu fulani nipande kwa bei ndogo. Siku ya kumi tukasikia kwamba njia imekatwa. Ikabaki hivyo miaka mitatu.

Miaka mitatu hiyo unaijua kuliko mimi, hujanisimulia yote na sijakuuliza. Najua mlikimbilia msituni. Najua shangazi yako alivimba miguu na akafa kabla ya mvua kwisha, na kwamba ukachukuliwa na jirani. Nilipofika hatimaye, kwa miguu na baiskeli, nilikukuta uani unatwanga. Ulikuwa mrefu. Kichwa kimenyolewa. Niliita jina lako, ukaacha mchi, ukafuta mikono, ukaja kwa adabu kama mtoto aliyefundishwa vizuri, ukaniambia:

"Jambo, tonton. Unatafuta nani?"

Jipu lenyewe lilikwisha vibaya. Hapa mjini halikuwa na faida. Kila Ijumaa kulikuwa na msiba wa mtu na jamaa wa kupeleka, kwa sababu nafasi ipo. Nilishindwa kulilisha. Nikauza pampu, nikauza viti, nikauza magurudumu, na mimi nikaja hapa Bangboka kubeba mizigo ya watu wengine. Miaka ishirini karibu. Mgongo wangu umejua kila kitu kinachosafiri katika nchi hii.

Hapa nimejifunza kupima. Kabla sijafika hapa sikujua uzito wa kitu chochote, nilijua tu kizito na chepesi. Ndege ndogo zile zinapima mpaka watu. Mama mnene anasimama kwenye mizani anaona haya, karani anaandika. Halafu rubani anakuja, anaangalia karatasi, anasema mafuta yakiongezwa, mtu mmoja ashuke. Au mtu huyo apande, na mafuta yapunguzwe, watue njiani waongeze tena. Mimi husimama na mzigo begani nikingoja wamalize. Mara nyingi anashuka yule asiyejua kugombana. Sijaona ashuke mwenye sauti.

Wiki iliyopita uliponiletea lituma ya kula mchana hapa pamoja na Mwamini, ulikwenda kusalimia yule mama wa chai. Mimi nilimsimamisha Mwamini kwenye mizani. Ulidhani tunacheza. Yeye pia alidhani tunacheza, alikuwa anaruka mshale unacheza, nikamwambia, "Tulia, mama yangu." Kilo kumi na tano. Mlipoondoka nikajaza bidoni moja ya mazutu kutoka kwenye pipa la jenereta, nikaipima. Kilo kumi na nane. Nikaimimina tena ndani ya pipa, na karani akaniuliza kama nimeanza kuwa kichaa.

Mtoto wako ni mwepesi kuliko bidoni moja, Zaina. Wewe ulipokuwa na miaka mitano usingezidi hapo sana. Mimi nilikushusha nikapakia mara mbili ya uzito wako. Jipu likanywa zaidi kwa sababu ya mazutu niliyoyabeba ili lisikose cha kunywa. Hilo lilinichukua miaka ishirini na mizani ya watu kulielewa.

Sasa ya Salumu. Sisemi ni mtu mbaya. Hesabu yake ni nzuri kuliko yangu, yeye amesoma. Njia ya Buta ni mbaya kweli, kivuko cha Banalia kinaweza kuwaweka siku nzima, mazutu ya njiani kweli yanatiwa maji. Anaogopa kukwama na mama yake mzee mwenye miguu mibovu, na dada zake wawili, na wewe na mtoto wa kunyonya. Ni woga wa mwanamume mwenye familia, nami siwezi kuucheka. Lakini nimepiga hesabu ile ile aliyonipigia, kwa lita makumi tatu zake. Pipa moja linawafikisha Buta na kubaki. La pili siyo la njia. La pili nalijua, nililibeba mimi kabla yake.

Na siwezi kukuahidi kwamba ukimchukua Mwamini hamtakwama. Pengine mtakwama. Pengine mtalala msituni na mtoto ana homa na mtanilaani mimi na barua yangu. Barabara haijali mtu aliyefanya vizuri. Nakuambia tu kwamba mkikwama mtakuwa wote mahali pamoja, na usiku utahesabu vichwa na vitatimia. Mimi nilifika salama, na tangu siku ile sijawahi kuhesabu vikatimia, hata baada ya kukurudisha.

Siku ya harusi yako ulisimama mbele ya watu ukasema, "Papa alifanya alichoweza." Watu wakapiga makofi. Mama yako akanyanyuka akaenda jikoni. Mimi nikabaki kwenye kiti na suti ya kuazima, na nilitamani mtu aniombe nibebe kitu kizito. Barua hii ilipaswa kuandikwa siku ile. Sikuwa na ujasiri. Hata leo sijui kama ni ujasiri au ni kwamba nimechoka kukuona unaangalia chini mlangoni, kama nilivyoangalia mimi.

Unaweza kukasirika. Unaweza kunichukia ukiwa Buta, ni mbali ya kutosha. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi hii, maana uliponisamehe zamani ulinisamehe kwa jambo lingine, ambalo halikutokea.

Lakini nina mambo mawili ya kukuambia kabla ndege haijatua, nasikia wenzangu wanaanza kuamka.

La kwanza. Benchi la nyuma Salumu ameliegemeza kwenye ukuta wetu, kuku wameanza kulilalia. Siyo benchi moja, ni vipande viwili, cha kushoto na cha kulia. Kipande cha kushoto kinashikwa na bolti nne. Nimezipaka grisi, ziko kwenye kopo la maziwa juu ya dirisha la jikoni, pamoja na ufunguo wa kuzikazia. Pipa moja linakaa kulia bila shida, nimelipima kwa kamba. Kazi yenyewe ni fupi kuliko kupika wali. Sijalirudisha mwenyewe kwa sababu gari ni la mume wako, na kwa sababu uamuzi huu safari hii usifanywe na mtu mmoja peke yake nyuma ya gari.

La pili. Nilimwambia Salumu "sawa" kuhusu mikate. Mwambie nimerudisha neno langu. Sitampeleka Mwamini kwenye kona. Mama yako pia hatampeleka, usimwombe, nakusihi, usimwombe mama yako jambo hilo. Kesho gari likiwashwa nitakuwa nimekaa na mtoto kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Nitakuwa nimemvalisha viatu. Ukimchukua, nitamnyanyua nikukabidhi, nina mikono ya kazi hiyo. Ukimwacha, nitabaki naye, nitamlisha, nitampenda, hatakosa kitu nilicho nacho. Lakini atakuwa anakuangalia, na wewe utamwangalia mpaka gari likate kona.

Ndege imetua. Wananiita.

Baba yako,
Shabani